Uzoefu wangu: kucheza kati (ule mchezo wa kukwepa mpira) tena Nakuru, kwa kuitana WhatsApp

Jirani wa ghorofa ya pili aliniingiza kwenye kundi hili la WhatsApp, la watu wazima wanaocheza michezo ya utotoni, bila kuniuliza, na nilikuwa nishaanza kutafuta pa kutokea. Makundi ninayo ya kutosha: la chama, la wazazi wa gredi ya tano, la harambee zisizokwisha. Kisha nikasoma sheria yake: usiulize nani anakuja kesho. Andika ukiwa umeshasimama kiwanjani.

Ndiyo huduma nzima. Hakuna ada wala programu mpya ya kupakua. Mtu mzima wa mtaa wetu, Section 58, akitoka kazini na hamu ya kucheza, anafika kwenye kile kiwanja cha vumbi nyuma ya fleti, anaandika "niko hapa, nina mpira," na anayetaka anatoka. Ujumbe umewekwa ujifute baada ya saa 24, kwa hiyo huamki ukakuta lundo la mialiko uliyoikosa. Hilo ndilo lililonifanya nibaki.

Mara ya kwanza nilitoka na leso kiunoni, sufuria ikiwa motoni. Tulikuwa wanne, na kati haidai zaidi: wawili wa kurusha, huyu huku na yule kule, wawili katikati wa kukwepa. Mpira ulikuwa wa soksi kuukuu zilizoshindiliwa matambara, maana ule wa juala tuliokulia nao hausukiki tena tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017. (Marufuku naiunga mkono. Ila wa juala ulidunda. Huu wa soksi unaanguka pu!) Nilikwepa mara tatu, ya nne ukanipata ubavuni, na mwanangu aliyekaa ukutani na wenzake akapaza sauti, "Mama, umetoka!" Nikabisha. Nina miaka 41 na nilibisha kwamba mpira umegusa leso tu.

Bladda, ule mchezo wa kuruka, tumecheza pia, kwa tyubu ya baiskeli. Brikicho, ule wa kujificha na kutafutana, ilitushinda: mmoja wetu alisahau kuzima kionyeshi cha mahali alipo, aliyekuwa anatafuta akachungulia simu na kwenda moja kwa moja nyuma ya tangi la maji.

Kasoro zipo. Wako wanaotuma dole gumba na hawatokei. Ukihesabu dole gumba kumi, tarajia watu watatu. Kuna aliyeleta kura ya kupanga mashindano ya Jumamosi. Tulipiga kura siku nne, tukazozana kuhusu jezi, Jumamosi ikafika na hakuna aliyecheza. Jumatatu mtu akaandika "niko hapa" na tukatoka kama kawaida.

Tena kundi halimfikii mwenye simu ndogo ya mulika mwizi. Mlinzi wetu wa geti hana WhatsApp, na ndiye anayekwepa kutushinda sote. Yeye huitwa na kelele. Nadhani kelele zinaleta watu wengi kuliko simu. Kazi ya simu ni kuwatoa wale wawili wa kwanza, ambao wangeona haya kusimama peke yao kiwanjani na mpira wa soksi mkononi.

Njoo mapema, saa moja giza limeshaingia. Na vaa viatu vya kamba. Slipa yangu ya kushoto iliruka ua wa jirani wiki jana, mbwa wake bado anayo.

Nyota nne.