Honda CG125 kuukuu ya kuanzia ufundi: hili sanduku la cheni limeniteka

Ngoja kwanza. Kabla hata ya salamu, sikiliza hii. Ko, ko, ko. Umesikia? Nagonga kwa mpini wa bisibisi. Bati hili unaloliona huku nyuma limeifunika cheni yote, juu na chini, kuanzia sproketi ndogo ya injini mpaka ile kubwa ya gurudumu. Leo ntalifungua mbele yenu, na tangu niinunue hii piki sijalifungua, kwa hivyo kama kuna makubwa humu ndani tutayaona pamoja. Usitoke.

Haya, salamu. Hamjambo wa Mombasa, hamjambo wa Kilifi, hamjambo na nyinyi wa Tanga mnaonisahihisha kwenye maoni eti husemwa "nitafungua". Ntafungua. Karibuni tena uani kwetu Majengo. Nguo zilizo nyuma yangu mnisamehe, leo Jumamosi, na kamba si yangu.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni lile lile: "Kaka, nataka pikipiki ya zamani niifufue mwenyewe, spana sijawahi kushika, nianze na ipi?" Jibu ndilo hili limesimama hapa. Honda CG125. Sitakaa kuwasomea cc na gia, hiyo 125 imeandikwa ubavuni na macho mnayo. Ya huyu mzee niliyenunua kwake imezeeka kiasi kwamba namba yake ya usajili haina hata ile herufi ya mwisho. Nimeipata kwa elfu 42. Ishikeni hiyo namba, elfu 42. Tutaizungumza tena baadaye na mtanicheka.

Kwa nini hii? Kwa sababu ilitengenezwa na watu waliotujua tabia zetu. Honda waliitoa mwaka 1976, na walikuwa wameshaona kwamba kwenye nchi kama zetu watu hawabadilishi oili mpaka injini ianze kulia. Zile injini zao zenye kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, juu kabisa zilikuwa zinaumia kwa ukavu. Basi wakarudi kwa mtindo wa kikale: kemshafti wakaishusha chini karibu na oili, na huku juu valvu zinasukumwa na vijiti viwili virefu. Ni hivyo tu. Hakuna cheni ndogo ya kulegea ndani ya injini, na ukifungua kile kifuniko cha juu unazikuta roka mbili, vile vikono vinavyobonyeza valvu, zinakutazama kama zinasubiri salamu. Nafasi ya valvu, yaani mwanya kati ya roka na valvu, ni milimita 0.08, zote mbili, injini ikiwa baridi. Ukishindwa na hiyo, yakhe, rudi kwenye mchezo wa bao.

Huko Brazili walipoizindua walimleta Pelé aifanyie tangazo. Pelé! Na Pakistani mpaka leo inauzwa mpya, jina lile lile na sura karibu ile ile.

Sasa hapa ndipo faida ya mnunuzi wa Mombasa ilipo. Injini hii Wachina waliinakili, na nakala zake ndizo zimepita stegi zote za boda hizi. Kwa hivyo ringi, gasketi, kebo ya klachi, kabureta, unaingia duka la spea za boda mchana wa jua kali na unatoka navyo mfukoni. Lakini usiniwekee maneno mdomoni, sijasema kila kitu kinaingia. Nakala ni nakala. Chukua kile kichakavu chako, kifute, nenda nacho mkononi, kiweke juu ya meza ya duka kando ya kipya, uhesabu matundu na meno. Muuza duka akikuambia "hii ni hiyo hiyo tu", mwambie naam, lakini tuhesabu.

Najua watu wa Yamaha mshaanza kuandika huko chini. DT! AG! Nawaona. Na AG100 naipenda, wallahi, ile ina stendi za pembeni kulia na kushoto, popote utakapoiegemeza inasimama kama mbuzi, na cheni yake imefunikwa vile vile. Lakini ni ya mapigo mawili, oili inaungua pamoja na petroli. Oili yake ina tangi lake na pampu yake, na wewe unayejifunza utajuaje kama pampu hiyo iliyokaa miaka inasukuma au imekufa? Utajua ukifika Mtwapa pistoni imeganda. Anza na hii, ukishapata akili nenda huko. Mimi mwenyewe naitafuta DT, msiwaambie nyumbani.

Haya, sanduku. Sogeza kamera. Hapa chini, karibu na gurudumu, kuna kizibo cha mpira. Nakitoa kwa kucha, hivi... kimekauka kidogo... kimetoka. Unaingiza kidole, unaisukuma cheni juu, unaiachia chini. Unataka icheze kiasi cha unene wa kidole, hapo hapo. Sasa usifanye kosa langu la zamani, ukapima mahali pamoja ukaridhika. Zungusha gurudumu polepole, pima tena. Zungusha, pima. Hapa inacheza... hapa inacheza... hapa imekaza! Mnaona? Hapa kidole hakiinuki. Maana yake cheni haikuvutika sawasawa, kuna viungo vimekula kuliko vingine. Ukiikaza kwa kipimo cha pale ilipolegea, hapa itakuwa inavuta beringi kama kamba ya ng'ombe.

Nafungua nusu ya chini. Boliti hizi nilizimwagia mafuta ya taa tangu jana usiku, na nawaambia, kwa chumvi hii ya bahari yetu, boliti kavu usiilazimishe. Ikikatikia ndani, siku yako imekwisha. Taratibu... inalia... imekubali. Hii nyingine. Haya, shika hapo. Linashuka.

Ya Rabi.

Leteni taa. Tazameni hii cheni. Ina weusi, ndiyo, grisi ya zamani imekuwa kama lami. Lakini nitafuteni kutu. Niko na kitambaa cheupe hapa, napitisha mara moja. Kimetoka cheusi kinang'aa. Sugua kwa vidole: laini. Sasa njooni huku, hii ni boda ya kijana wa jirani, haina miaka miwili, cheni iko wazi kama kawaida, na jana ametoka kubeba abiria kule ufuoni Bamburi. Kitambaa kingine, mara moja. Sikiliza nikisugua karibu na maiki. Krr, krr. Huo ni mchanga. Rangi yake si nyeusi, ni kahawia, hiyo ni kutu imechanganyika na mchanga na oili, na hiyo ndiyo inayokula sproketi. Angalia meno: haya ya boda yamechongoka yamelalia upande mmoja kama papa. Ya hii piki kuukuu bado yana vichwa butu. Pikipiki iliyokula hewa ya bahari miaka yote hiyo! Nani alikaa akasema bati hili litolewe kwenye pikipiki za siku hizi? Eti kupunguza uzito. Uzito gani, na mtu anapakia magunia matatu ya mkaa na mke juu?

Subiri. Hiki ni nini? Kuna udongo huku kwenye kona... si udongo, ni nyumba ya nyigu. Imekauka, wenyewe walishahama, alhamdulillahi. Sawa.

Na hapa... aah. Hapa mniruhusu nikasirike. Ona kiungo cha kuungia cheni, kina klipu yake ndogo kama pini ya nywele. Upande uliozibwa wa klipu unatakiwa utangulie mbele, kule cheni inakokwenda, na upande wenye mwanya ubaki nyuma. Hii imewekwa kinyume. Jiwe moja tu likipenya humu, au klipu ikigusa bati, inachomoka, na cheni ikichomoka ndani ya sanduku hili haina pa kukimbilia, inajikunja kwenye sproketi na gurudumu linafunga. Hiyo ni daraja la Nyali, saa mbili usiku, lori nyuma yako. Na mimi nimeipanda hivi wiki tatu!

Kwa hivyo nimesema nalipenda sanduku, na bado nalipenda, lakini limenifundisha kitu leo. Linazuia mchanga, na linaficha ujinga wa fundi pia. Ukinunua pikipiki ya aina hii, usiridhike na kizibo. Mwambie muuzaji unataka kushusha nusu ya chini kabla ya kutoa pesa. Akikataa, mshukuru kwa chai.

Maiki inakwaruza, nimeisikia na mimi. Iliingia mchanga tulipokwenda kurekodi ile ya Likoni, ndiyo maana ile video hamjaiona, sauti yote ni upepo wa kusi na honi ya feri. Na zawadi ya helmeti ipo, mshindi ashapatikana, ni yeye tu hajibu ujumbe. Kaka wa Jomvu, angalia simu yako.

Tangi sasa, haraka. Hapa ndipo Mombasa inapokula pesa. Fungua kifuniko, mulika kwa tochi ya simu. Ukiona rangi ya chai ya maziwa ndani, bei inashuka, usione haya. Langu lilikuwa na kutu kama vumbi la matofali. Nimelisafisha kwa siki. Nimetoa koki, kile kibomba cha kufungulia petroli, nikaziba tundu, nikatia kiganja kimoja cha nati, nikalijaza siki, nikaliacha usiku kucha na asubuhi nikalitikisa mpaka mabega yakauma. Halafu maji yenye soda ya kuokea kuua ile asidi, halafu jua, halafu oili kidogo papo hapo, kwa maana bati tupu lililolowa kwa hewa hii ya kwetu linashika kutu kabla hujamaliza kunywa chai. Nati zihesabiwe zinapoingia na zinapotoka. Mimi niliingiza 20 zikatoka 19. Hiyo moja naisikia mpaka leo nikikata kona.

Taa? Volti 6. Ni mshumaa. Tusiongee.

Haya, tuirudie elfu 42. Tairi mbili na tyubu. Betri. Kebo zote, maana kebo moja ikikatika nyingine zinafuata kama jamaa kwenye harusi. Kabureta ya kuigiza, baadaye nikagundua ya zamani ilikuwa chafu tu. Pointi za cheche. Spoki za nyuma na fundi wa kuzinyoosha. Na leo, kama mlivyoona, cheni mpya. Nimefika elfu 71 na kiti bado kina sifongo la nje. Kwa hivyo yule niliyemwambia wiki jana anunue ya namna hii aanze kufanyia boda, samahani ndugu yangu, nimeghairi. Kama unataka chombo cha kula nacho kesho asubuhi, kusanya pesa, utafute Boxer iliyotumika vizuri. Hii ni ya mtu mwenye Jumamosi.

Na karatasi. Mimi niliwahi kupoteza elfu 30 kwa piki nzuri ajabu, jamaa akiniambia logibuku, ile hati ya umiliki, iko kwa shangazi. Kumbe namba ya chesisi ilikuwa imepigwa msasa. Siku hizi nakwenda na brashi ya waya na mafuta ya taa, nasugua pale shingoni mwa fremu mpaka namba isomeke herufi kwa herufi, nalinganisha na logibuku, halafu naangalia na ya injini. Na mwenye jina ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen, ile tovuti ya serikali, wewe unakubali kwenye yako. Akiwa ni marehemu, warithi waende kwanza kwa kadhi au mahakamani. Usilipe kwa ahadi ya "tutamaliza tu". Mzee wangu tulikaa naye Changamwe, simu mbili mezani, uhamisho ukaanza mbele yangu ndipo nikatuma M-Pesa.

Nimegeuza klipu, ona, mwanya nyuma. Itanifikisha dukani na kurudi. Tuiwashe. Koki wazi, choki juu, kiki ya kwanza nisiipige kwa hasira, ni ya kuvuta mafuta tu. Ya pili. Ya tatu... haya! Sikilizeni hiyo. Tik, tik, tik, hizo ni roka, hiyo ndiyo sauti yake, msiandike kwenye maoni kwamba injini inagonga. Nashusha choki. Inakaa. Inakaa yenyewe, sijaigusa!

Eh? Naam, mama? Siki gani? ... Ile chupa kubwa? ... Ya achari ya harusi?

Zima, zima kamera.