Uzoefu wangu: wiki 9 za kujifunza kukimbia baada ya kugonga mlango wa gari

Nimeendesha baiskeli miaka sita, na muda wote huo kukimbia nilikuona adhabu. Mtu mzima anayekimbia bila kufukuzwa na kitu nilikuwa namwonea huruma. Kilichonigeuza ni mlango wa gari.

Gari lilikuwa limeegeshwa pembeni, nami napita zangu mwendo wa kama kilomita 15 kwa saa. Dereva akafungua mlango bila kutazama kioo. Breki nilizikamata, ila nafasi haikutosha. Ncha ya usukani ikanasa kwenye ukingo wa mlango, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea na safari. Nilitua kwa kiganja cha kulia, likafuata bega, kichwa kikaja mwisho. Dereva alishuka anatetemeka kunizidi, pole zikawa nyingi, akaninyanyua. Rimu ya mbele ilikuwa imepinda na suruali imechanika gotini. Nikajipapasa, nikaona nimepona.

Kabla ya kufika kwenye mpango wenyewe wa kukimbia, helmeti inastahili maneno mawili. Kwa nje ilikuwa na mkwaruzo tu, na ningeweza kuipangusa nikaivaa kesho yake. Nyumbani nikabandua sponji za ndani, nikaona ufa mwembamba kama unywele umepita kwenye lile povu gumu, kuanzia juu ya sikio hadi kisogoni. Povu lile kazi yake ni kusagika ili lipokee kishindo, na likishasagika halirudi kama zamani. Hata ikionekana nzima, helmeti iliyokwisha kupigwa hivyo haikufai tena. Niliikata mikanda kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota akaiamini.

Kilichoniweka mbali na baiskeli ni mkono. Ukinyoosha kidole gumba, kuna kishimo kinajitokeza kwenye shina lake, karibu na kifundo. Mimi hapo nikiguswa naruka. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, lakini daktari hakutosheka: kuna kimfupa kidogo mahali pale ambacho ufa wake unaweza kujificha siku za mwanzo. Akanifunga banzi, akasema nirudi baada ya wiki mbili nipigwe picha nyingine. Ya pili nayo ikatoka safi, kumbe ulikuwa mteguko. Hata hivyo kubana breki kwa mkono ule bado kulikuwa hakuwezekani, na mimi nisipotoka jasho nakuwa mtu wa kugombana na kila mtu nyumbani.

Ndipo nikauchukua mpango wa wiki 9 unaoitwa Couch to 5K, yaani kutoka kwenye kochi hadi kukimbia kilomita 5. Aliutunga Mmarekani Josh Clark mwaka 1996, akitaka hata mama yake aweze kuufuata. Programu za simu zinazoutumia ziko nyingi, na niliyopakua mimi ni ya bure, yenye matangazo. Unafanya siku 3 kwa wiki. Wiki ya kwanza unatembea haraka dakika 5 kupasha mwili moto, halafu unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo mpaka dakika 20 ziishe.

Sekunde 60! Nilicheka peke yangu. Mtu niliyezoea kupanda milima kwa pedeli saa nzima, leo naambiwa nikimbie dakika moja kisha nipumzike. Wiki ya pili ni sekunde 90 za kukimbia na dakika 2 za kutembea, nikaona napotezewa muda. Nikaruka. Nikaenda moja kwa moja kwenye siku ya tatu ya wiki ya tano, ile ya dakika 20 mfululizo, na nikazimaliza. Pumzi ilikuwepo, ya kutosha na kubaki. Nikarudi nyumbani najiona bingwa.

Asubuhi yake nilishuka ngazi nimeshikilia ukuta. Magoko yote mawili yaliuma kwa upande wa ndani, na nikipitisha kidole kwenye mfupa nakunja uso. Nilikaa siku nane bila kukimbia, na ndipo nilipopata muda wa kufikiri kosa liko wapi. Baiskeli inakubeba. Uzito uko kwenye kiti, miguu inazungusha tu, hakuna hatua inayotua. Ukikimbia, kila hatua ni kishindo, na mguu mmoja unakipokea peke yake. Miaka sita ilikuwa imenipa moyo na mapafu ya mtu mwenye mazoezi, ila mifupa na kano zangu hazikuwahi kukutana na kazi hiyo. Ule upole wa mpango niliokuwa naudharau haukuwa kwa ajili ya pumzi yangu hata kidogo. Unasubiri miguu.

Hapo ndipo lawama yangu kubwa kwa ile programu ilipo. Sentensi moja tu ya kueleza hivyo siku ya kwanza ingeniokolea siku nane. Badala yake inanirushia nyota na medali, na siku niliyoruka wiki kadhaa ikanipongeza. Halafu matangazo: mara moja lilianza tangazo wakati ule ule sauti ilipotakiwa kuniambia nitembee, nikakimbia karibu dakika mbili za ziada huku nikijiuliza mbona leo sekunde ni ndefu.

Nilirudi wiki ya pili kwa adabu, nikafuata kila kitu kama kilivyoandikwa, na zile dakika 20 nilipozifikia kwa njia yake hazikuniacha na maumivu. Nilichoongeza ni mazoezi ya nguvu, maana mpango hauna. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Mimi nilisimama kwenye ngazi nikainuka kwa vidole vya miguu, mara 15 kila upande, nikisubiri maji ya kuoga yapate moto.

Na jina nalo lisikudanganye. Wiki ya 9 unakimbia dakika 30 bila kusimama, lakini kwa mwendo wangu hizo zilikuwa kilomita 4.3. Tano nilizipata wiki mbili baadaye.

Mpango naupa nyota 4 kati ya 5. Programu niliyotumia, 2, na moja kati ya hizo ni kwa sababu haikunitoza kitu.

Baiskeli niliirudia wiki ya saba, siku zisizo za kukimbia, nikiwa na rimu mpya na helmeti mpya. Magari yaliyoegeshwa sasa nayaachia upana wa mlango mzima na zaidi kidogo, hata wa nyuma yangu wakipiga honi. Na nikiona kisogo cha mtu kwenye kiti cha dereva, vidole vinakwenda breki vyenyewe, kabla sijaviambia.