Mayo ya dola 15 iliyonifungukia ziwani

Duka silitaji, yule muuzaji asije akajiona mtu maarufu. Liko Birere, hapa Goma, inatosha.

Nilinunua mayo ya kuogelea ya vipande viwili, nyeusi, dola 15, hakupunguza hata franka. Kitambaa kizuri, hilo silikatai. Shida ni kibanio cha plastiki cha mgongoni, kidogo kama ukucha wa mtoto, na ndicho kimebebeshwa mzigo wote.

Jumapili moja ya jua tukashuka ziwani, mtaa wa Himbi. Nikaruka kutoka juu ya haya mawe yetu meusi ya volkeno. Naibuka, nasikia wepesi kifuani. Kipande cha juu kinaelea mbele yangu kama jani la mgomba. Na pale ufukweni, arusi! Bibi arusi, mpiga picha, mashangazi wote na vitenge vya sare.

Nikazama mpaka kidevuni, nikageukia upande wa kisiwa cha Idjwi kama mtu anayetazama mandhari. Ziwa Kivu liko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitulia humo bila kusogea, meno yanagongana. Kufunga fundo nikashindwa: ule mkanda ukilowa unateleza, kila nikikaza unaachia. Aliyeniokoa ni mtoto aliyekuja kuchota maji na bidoni ya njano. Alimwita rafiki yangu, naye akanifuata majini na kitenge. Nikajifunga humo humo, nikatoka kama mke wa mchungaji.

Hayo yote ningesamehe. Lakini nilipoirudisha, yule bwana hata hakuigusa. Alinipima kwa macho toka miguuni hadi kichwani, mbele ya wateja, akasema: “Mama, mayo haina kosa. Ni wewe umezidi.”

Umezidi! Nilifika nyumbani ndipo majibu yote mazuri yakanijia.

Nyota sifuri. Ao moja, kwa sababu rangi haijapauka.

Mshonaji wetu wa mtaani alikitupa kile kibanio, akaunganisha mkanda kwa mshono wa zigizagi, maana mshono ulionyooka hukatika kitambaa kikivutika. Sasa naivaa kwa kuipitisha kichwani. Na siku hizi kabla ya kutoka naruka chumbani, nainama, nainua mikono. Jirani wa chini akigonga dari, agonge. Nimeshairukia ziwani mara nyingi, haijasogea. Kusema kweli ndiyo mayo ninayoipenda. Kwa hiyo nunueni, ila pitieni kwa mshonaji kwanza.

Hapana, ngojeni. Msinunue. Ule mdomo usilishwe na dola zetu.

Juzi nimepita pale. Ametundika nyingine mlangoni, kibanio kile kile. Akaniona, akapaza sauti barabara nzima isikie: “Mama, karibu! Leo tuko na saizi yako!”