Waterloo Bridge katika banda la video, Kirumba

Filamu hii ya mwaka 1940, inayosimulia mapenzi ya London wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nimeitazama katika banda moja la video hapa Kirumba, na ingawa nakala yao ilikwama mara mbili, sikujutia kiingilio changu. Wapiga muziki wanapozima mishumaa mmoja baada ya mwingine huku Myra na Roy wakicheza, banda zima lilinyamaza, hata muuza karanga. Vivien Leigh, anayeigiza Myra, anachoma moyo zaidi pale anaposoma gazetini kuwa mchumba wake ameuawa vitani, kisha akashindwa kumweleza mama mkwe mtarajiwa aliyekuja kunywa naye chai. Robert Taylor, anayeigiza Roy, ni mtanashati, lakini uanajeshi wake haukunishawishi. Spika za banda zinakoroma mno.