Matairi sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni na aliyeniuzia

Mke wangu alinishauri niache hasira zipoe ndipo niandike. Zimegoma kupoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Gari ni Hilux ya zamani, zile za kuingiza difu ya mbele kwa mkono, na bodi yake imeshachomelewa mpaka sijui ipi ya kiwandani na ipi ya fundi wa Magomeni. Kazi yake ni kupeleka pembejeo vijijini. Kiangazi inabeba mifuko ya salfa kwa watu wa korosho, inarudi na chochote kilichopo: ufuta, mbaazi, muhogo mkavu, mgonjwa. Njia zangu ni Tandahimba, Mahuta, Kitangari, na mara mojamoja nashuka bonde la Ruvuma. Anayeujua uwanda wa Makonde anajua habari ya mchanga wake. Barabara kubwa zinatengenezwa, sawa, lakini mteja wangu hakai barabara kubwa.

Matairi ya zamani yalipobaki vipara nikaamua safari hii nifunge ya maana, yale yenye herufi A/T ubavuni, meno ya wastani, ya kwenda lami na porini. Jamaa yangu wa Nachingwea alinipigia kelele nifunge M/T, ya meno makubwa. Kwa kule kwao na Liwale namwelewa. Udongo ule mweusi ukinywa mvua unaziba mifereji yote ya tairi, unabaki unateleza tu, hapo meno makubwa yanasaidia kutema tope. Lakini kwenye mchanga wetu meno makubwa ni jembe. Unakanyaga mafuta kidogo, yanachimba, gari linalala tumbo. Halafu kwenye lami ya kwenda Mingoyo yanavuma mpaka unazima redio. Basi nikashika A/T, tena yale yenye ubavu mgumu wa kubebea mzigo, maana visiki vya kwenye mashamba ya korosho havitoboi pale juu kwenye meno, vinachana ubavu. Uamuzi huo mpaka leo naukubali.

Sasa duka. Jina silitaji. Lipo Mtwara mjini, na kila asubuhi matairi yanatolewa nje barazani, yanakula jua mchana kutwa, jioni yanapakwa dawa ya kung'arisha na kurudishwa ndani. Nilimuuliza muuzaji swali moja, moja tu: haya ni ya mwaka gani?

"Mapya, mjomba." Macho yapo kwenye simu.

"Mapya nayaona. Nauliza mwaka."

"Mjomba, tairi si maziwa ya pakiti. Halichachi."

Waliokuwepo wakacheka. Nami nikainama kusoma mwenyewe, maana hizo namba zipo wazi kwa mtu yeyote: unatafuta herufi DOT, unafuata mstari wake mpaka mwisho, unakuta tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Shida ni kwamba matairi mengi yanaandikwa namba hizo kamili upande mmoja tu. Matatu niliyoyaona yalikuwa ya 2022. La nne likawa halipo barazani, lipo stoo, "mzigo uleule". Lilipoletwa, lilikuja limeshavalishwa rimu, na kwa nje hakuna tarehe. Nikamwomba yule kijana wa kufunga aligeuze nione upande wa ndani. Kijana akamtazama bosi. Bosi akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye bajaji za nje: "Kama hutuamini, pesa yako hii hapa, kanunue Dar."

Gari lipo juu ya mawe, halina hata gurudumu moja. Pesa inayozidi milioni mbili ipo mezani kwake. Kijana akafunga bila kuninyanyulia macho.

Ilichukua muda kabla ya kunilipukia, miezi kadhaa. Sikumbuki ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada, ila lilikuwa jua la saa nane na gari limebeba salfa, njia ya kati ya Tandahimba na Mahuta. Kwanza nikasikia mtetemo kwa nyuma, nikadhani nati za tairi zimelegea. Nikashuka, nikakaza, nikaendelea. Mbele kidogo ukaanza mlio wa kupiga madigadi, pa, pa, pa, halafu kishindo kimoja na madigadi yenyewe ikakunjwa. Tairi la nyuma kushoto. Ngozi yote ya juu, ile yenye meno, imebanduka kipande kirefu kuliko mkono wangu, waya zimechomoza, na ajabu upepo bado umo ndani. Yaani halikupata pancha. Halikuchomwa na kitu. Limeachana lenyewe.

Nikajilaza mchangani chini ya gari na tochi ya simu. Nikatema mate kidoleni, nikafuta vumbi upande wa ndani. 2314. Wiki ya 23, mwaka 2014. Nilipolitoa na kulibonyeza, katikati ya meno kila mfereji ulikuwa na nyufa nyembamba, ukikunja mpira zinafunguka. Mpira unazeeka hata ukiwa dukani. Joto na hewa vinaukausha, gundi inayoshika waya na ngozi inachoka, kwa macho tairi linapendeza, meno yamejaa. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanasema likifika miaka 10 litolewe, haijalishi meno yamebaki kiasi gani. Mimi niliuziwa mzee akiwa amepakwa mafuta.

Nilirudi dukani na kile kipande cha ngozi. Shikamoo, marahaba, sijui nini, hakuna. Kwanza akasema nilizidisha mzigo. Nikamwambia lenzake la kulia lilikuwa chini ya mzigo huohuo na ni zima. Akasema basi ni mchanga. Nikamwonyesha namba. Akazitazama, akasema: "Hizo ni namba za kiwanda, mjomba, hazikuhusu." Mwisho akanipa ofa ya punguzo nikinunua jingine. Pole hakunipa. Mtu ametoka porini na waya mkononi, hata pole?

Kwa hiyo kama umefika hapa kutafuta ushauri: hilo duka, sifuri.

Lakini haki itendeke kwa matairi yenyewe, kwa sababu yale matatu ya 2022 yamenifanyia mambo. Kuna kilima cha mchanga karibu na Kitangari ambako kanta zinasukumwa na abiria wake. Nashusha upepo mpaka PSI 20 hivi, naingiza difu ya mbele, naondoka taratibu bila kuchezea usukani, gari linapanda tu, akina mama wa pembeni wananiuliza nimeweka nini. (Ukifika njia ngumu jaza tena upepo, tafadhali. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami linachemka, halafu utakuja hapa kulaumu tairi. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri inatosha.) Mvua zilipoanza, bondeni Ruvuma yaliteleza, sikatai, tope lile linata na A/T si tairi la tope. Nilitoka kwa kamba ya mtu. Lakini kisiki nilichokikanyaga njia ya Mahuta, ambacho lile la zamani lingechanika ubavu wote, kiliacha alama tu. Kwa gari kuukuu linalofanya kazi mchangani na lami kidogo, nunua A/T bila kuwaza mara mbili. Nilikuwa nataka niishie hapo, na nyota zote.

Ila nikikumbuka lile la 2014 lingeweza kufungwa mbele. Nikikumbuka ule mteremko wa Newala, na watu niliowapa lifti wamekaa juu ya mifuko. Tairi la mbele likibanduka pale usukani unaondoka nao. Hapo sioni tena utamu wa kusifia mchanga na vilima. Ndiyo, matairi mazuri, lakini tairi zuri ambalo hujaona tarehe yake mwenyewe, kwa jicho lako, kabla halijavalishwa rimu, usilipie.

Nimejaribu njia nyingine. Niliagiza moja kutoka Dar, likaja kwenye buti la basi. Tarehe nzuri, lakini aina nyingine, kimo kimezidi kidogo haya yangu, na kwa gari kama hili ukiingiza difu ya mbele huku magurudumu hayalingani kimo, unaitesa gia. Nimelifanya spea. Aina yangu, kwa saizi yangu, hapa mjini nimeikuta kwa mtu mmoja tu. Unajua ni nani.

Na juzi yule kijana wa kufunga kanitumia picha kwa WhatsApp, bila salamu wala maelezo: tarakimu nne kwa karibu, mpya kabisa, kidole chake kipo pembeni. Baadaye akaandika, "Mzee, umeingia mzigo. Nimekusomea yote." Nimemwambia aniwekee mawili, pande zote mbili zikiwa wazi, nitakuja Jumamosi bosi wake akiwa msikitini au kwenye mpira. Wakati wa kulipa namtuma mwanangu wa kiume. Yeye hana historia na yule bwana, na sauti yake ni ndogo kuliko yangu.