Kliniki iliyonitibu vidonda vya tumbo hapa Kongowea, nilivyoiona mimi

Naandika hii kwa sababu kila wiki naona mtu anauliza "jamani tumbo laniwaka, nani anajua daktari mzuri Mombasa" na majibu ni yale yale tu, kunywa maji ya kabichi, habasoda na asali, maziwa baridi, Eno. Mimi hayo yote nimeyapitia miaka miwili mizima.

Kazi yangu ni mahamri na mbaazi, naamka saa tisa usiku kukanda unga, na saa hio hio ndo tumbo nalo linaamka, hapa chini ya kifua pawaka kama pamewekwa kaa, nikila kitu latulia kidogo kisha larudi vile vile. Nilianzia duka la dawa, silitaji jina. Nikadungwa kidole, tone la damu likawekwa kwa kile kipimo chenye mistari, nikaambiwa una H. pylori, yaani wadudu wa bakteria wanaoishi tumboni, nikapewa pakiti ya dawa ya siku saba, basi, hakuna aliyeniuliza kitu. Siku ya tano mdomo mchungu kama nimelamba sarafu nikaacha. Baada ya miezi nikarudi, kidole tena, "bado ipo", dawa ile ile. Mara ya tatu pia hivo hivo. Pesa zikaenda na moto uko pale pale.

Hii kliniki nimepelekwa na jirani yangu. Iko ghorofa ya kwanza, si mbali na soko, ngazi ni nyembamba na mzee mwenye magoti mabovu atataabika, na benchi za kungojea ni mbili tu, mimi nilikaa karibu saa mbili unusu. Hayo ndo mabaya yake, nayasema mwanzo.

Daktari ni kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, lakini ana subira. Swali la kwanza aliloniuliza: "Mama, omeprazole umekunywa lini mara ya mwisho?" Nikamwambia leo asubuhi. Akasema basi leo sikupimi, acha hio dawa ya kupunguza asidi wiki mbili kamili ndo urudi, na kama ungekuwa umetumia antibaotiki ningekungojesha wiki nne, kwa sababu zile dawa zinawapunguza wadudu na kipimo kinaweza kusoma hawapo na hali wapo. Moto ukizidi tumia dawa ya maji ya kutuliza asidi. Nilikasirika, nasema kweli, nimepanda ngazi zile zote nimeacha biashara narudishwa mikono mitupu. Lakini hakunitoza hata shilingi siku ile, na ndipo aliponieleza kitu ambacho sikuwahi kuambiwa, kwamba kile kipimo cha kidole kinatafuta kinga ya mwili, na kinga hubaki kwa damu muda mrefu hata wadudu wakishakufa. Kwa hivo mimi kurudi kila mara kudungwa kuona kama nimepona, kipimo kile hakikuwa na uwezo wa kunijibu.

Nikarudi baada ya wiki mbili nikapewa kichupa cha kutilia choo kipimwe, majibu siku ile ile: wadudu wapo kweli. Sasa hapo akataka nimtajie dawa zote nilizowahi kunywa, nikamtolea maganda matupu kwa mkoba, akayasoma moja moja. Akasema hii antibaotiki ya klarithromaisini umeimeza mara tatu nusunusu, wadudu waliobaki huenda washaizoea, sikurudishii tena. Akaniuliza nina mimba? Penisilini yanidhuru? Nafunga sunna Jumatatu na Alhamisi? Hilo la mwisho lilinigusa, kwa sababu dawa alizonipangia za kumeza mara nne kwa siku, siku 14, hazipatani na saumu na yeye aliliwaza kabla yangu. Na daiklo, dawa ya maumivu niliyokuwa nameza kwa ajili ya mgongo, akaniachisha, akasema nayo pia hutoboa tumbo, si mdudu peke yake.

Dawa zenyewe ni nne: ya kupunguza asidi, bismuthi, na antibaotiki mbili, tetrasaiklini na metronidazoli. Tetrasaiklini hawakuwa nayo, waliitafuta siku mbili, lakini walinipigia simu wenyewe kuniambia imefika. Muuguzi akachukua kalamu nene akaandika juu ya kila pakiti saa ya kumeza, "kabla ya kula nusu saa", "baada ya kula", na kwa ile ya tetrasaiklini akaandika USINYWE NA MAZIWA akapiga mstari mara mbili. Wiki mbili nilikunywa sturungi, chai isiyo na maziwa, na mahamri yangu. Akanionya ulimi na choo vitakuwa vyeusi kwa sababu ya bismuthi nisishtuke, na mdomo utakuwa na ladha ya chuma lakini nisiache. Siku ya sita alipiga simu: "Mamangu, waendeleaje, umeruka yoyote?" Nilikuwa na kichefuchefu na nilikuwa nataka kuacha, wallahi, simu ile ndo iliyonimalizisha.

Nilimuuliza daktari kama si pilipili na mawazo yalonitia vidonda, maana ndivo nilivyolelewa. Akanihadithia daktari wa Australia, Barry Marshall, mwaka 1984 alikunywa wadudu hawa kwa makusudi akaugua tumbo, kuonyesha watu kwamba ni maradhi ya bakteria, na 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel. Pilipili huchoma palipo na kidonda, akasema, lakini haileti mdudu. Wengi twaambukizwa udogoni, majumbani mwetu.

Baada ya kumaliza dawa nikangoja wiki sita, omeprazole nimeiacha mbili za mwisho, kichupa tena. Hakuna kitu. Kipimo hiki cha pili nililipa kando, ingekuwa vizuri wakikuambia toka mwanzo ujipange.

Kitu kimoja nawasihi, kama unatapika damu, au choo cheusi kama lami na hunywi bismuthi wala vidonge vya kuongeza damu, au wakonda bila sababu au chakula chakwama kooni, usianze na kichupa, nenda hospitali kubwa utiwe kamera ya kuangalia tumbo ndani. Daktari alinipitisha kwenye hayo yote kabla hajaniandikia.

Wanafungua saa mbili asubuhi, nenda mapema kabla benchi hazijajaa. Mume wangu naye analalamika tumbo, Jumatatu hii nampeleka, na omeprazole yake nishaificha wiki ya pili sasa.