Siku nzima kwenye katamarani na dada asiyejua kuogelea, uzoefu wangu

Jamani naandika hii nimelala kifudifudi, mgongo unawaka, simu mkononi. Kabla sijabuku nilitafuta sana mtu alieandika kwa Kiswahili jinsi siku nzima ya katamarani inavyokwenda, nikakosa, nikawa napata picha tu za watu wamejilaza kwenye wavu wa mbele wanacheka. Hizo picha ni za kweli kabisa, ule wavu upo na raha yake ipo, ila hazikwambii utakaa majini dakika ngapi, nani atakushika mkono ukiogopa, maski ikiingiza maji ufanyeje. Mimi nilienda na dada yangu mkubwa ambae hajui kuogelea kabisa, hata maji yakimfika kifuani anatafuta pa kushika, na yeye ndo alikua na hamu ya kuona samaki tangu zamani, sio mimi. Kwa hiyo hii ni rivyu ya watu wawili, mmoja anaogelea vizuri kiasi na mmoja alikua anatetemeka kabla hata hatujapanda.

Tuanze na chombo. Katamarani kwa asiejua ni kama mashua mbili nyembamba zimeunganishwa na deki moja pana juu, tanga katikati, na kule mbele kati ya hizo mbili badala ya mbao wanatandika wavu mgumu unakaa juu yake unaona maji yanapita chini yako. Nahodha akatuambia jina lenyewe limetokana na Kitamil, maana yake magogo yaliyofungwa pamoja, na ukikiangalia chombo kwa mbele unaona kabisa hayo magogo mawili. Faida yake kubwa ni kwamba hakilali upande upepo ukishika tanga kama vyombo vyenye mwili mmoja, dada aliweka chupa ya maji pembeni yake na ilikaa pale pale safari nzima ya kwenda. Pia hakihitaji kina kirefu cha maji, kwa hiyo kinasogea karibu na ufukwe wa kisiwa sehemu ambazo chombo kikubwa kingine kingebaki mbali.

Lakini usidanganyike kwamba hakitikisiki. Mawimbi mafupi yakija kwa mbele yanapiga kishindo chini ya deki, paa, paa, mara ya kwanza dada alinishika mkono akauliza kama tumegonga jiwe. Na mtikisiko wake ni wa haraka haraka, kuna kijana mmoja alianza kutapika nusu saa tu tangu tuondoke, akakimbilia chooni kule chini na ndo kosa, kule ndani huoni nje na kichefuchefu kinazidi. Wakamtoa wakamkalisha nyuma katikati, wakamwambia aangalie mstari ule bahari inapokutana na mbingu, akatulia kidogo. Hapa nawalaumu wenye safari, kwenye ule ujumbe wa kuthibitisha waliandika taulo, kofia, miwani, hawakugusia kabisa habari ya kichefuchefu. Dawa yake inatakiwa umeze kabla hujapanda, ukisubiri mpaka tumbo limeshachafuka haisaidii sana. Kama una tatizo hilo au una dawa nyingine unatumia, ongea na mfamasia siku moja kabla.

Sasa tuje kwenye lililonifanya niandike. Kituo cha kwanza cha snokeli, yaani kuelea uso ukiwa majini na maski na mrija wa kupumulia, tulifika asubuhi, bahari imetulia, na hawakutupa nanga, walifunga kamba kwenye boya lililokwisha wekwa pale. Nikamuuliza nahodha kwa nini, akasema nanga na mnyororo wake vikiburuzwa chini vinavunja matumbawe, na yale makubwa ya mviringo yanakua sentimita moja tu hivi kwa mwaka au hata chini ya hapo, yaani donge la ukubwa wa meza lina umri kuliko sisi sote tuliokua mle ndani. Kuanzia hapo nikajua tuko na watu wanaojali.

Watu wakaanza kuruka majini, tulikua kama thelathini, na dada akabaki amekaa kwenye benchi na jaketi lake la kuokolea ameshalifunga mpaka shingoni, ananiambia nenda wewe, mimi nitawaangalia kutoka hapa nimeridhika. Nikajua hajaridhika. Mmoja wa waelekezi, kijana mdogo tu, akaja akachuchumaa mbele yake, hakumwambia usiogope wala hakumhimiza. Akamwambia, "Dada, leo huogelei. Leo unatazama tu. Njoo tukae ngazini."

Akamkalisha kwenye ngazi ya nyuma, kile kidato cha chini kabisa ambacho maji yanafika magotini. Akachukua maski akaibandika usoni kwake bila kuvuta mkanda, akamwambia vuta pumzi kwa pua, maski ikanata yenyewe, akasema hii ndo saizi yako, ingeanguka tungetafuta nyingine. Akamtoa nywele zilizokua zimebanwa kwenye ukingo wa maski moja moja, manake hata unywele mmoja unapitisha maji. Kisha mrija mdomoni, akapumua hapo hapo juu hewani mpaka akazoea kupumua kwa mdomo, alafu mikono yote miwili kwenye bomba la ngazi, uso majini, hesabu mpaka tano, toka. Tena, mpaka kumi. Tena. Nilikua pembeni majini nimeelea nawaangalia, na nilichokiona ni vidole vyake. Mwanzo vilikua vimelibana lile bomba mpaka kucha zimekua nyeupe, mara ya nne au ya tano hivi nikaona kidole kimoja kimelegea, kingine, mwisho alikua ameligusa tu. Robo saa nzima yule kijana alikaa pale na mtu mmoja! Hapo ndo wakaleta pete ya kuelea yenye kamba, dada akaishika kwa mikono miwili, kijana akaivuta taratibu kuelekea kwenye mwamba.

Nikasikia sauti kwenye mrija wake, kama mtu anapiga kelele ndani ya chupa. Alikua ameona pono. Kama hujawahi kukutana na pono akiwa hai, ana rangi za bluu na kijani na waridi, na meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku, anaguguna matumbawe na ukitulia unamsikia, krach, krach, kabisa kwa masikio yako. Anachokula ni mwani na vijidudu vya kwenye mwamba, lile jiwe analosaga linatoka nyuma yake likiwa mchanga, na mchanga mweupe wa fukwe nyingi za visiwa vya matumbawe sehemu yake kubwa umepita kwenye tumbo la samaki huyu. Dada alipopanda alisema samaki alikua mkubwa hivi, akaonyesha kwa mikono, yule kijana akacheka akamwambia toa robo, manake ukivaa maski kila kitu majini kinaonekana kikubwa kwa kama theluthi moja na karibu zaidi kuliko kilivyo. Ndo mana pia ukinyoosha mkono kushika pete ya kuelea unaikosa.

Mimi maski yangu ilinisumbua mwanzo mwisho. Nina masharubu, na ukingo wa maski ukikaa juu ya nywele maji yanapenya tu. Nilipewa nyingine ikawa afadhali, na nikafundishwa kuitoa maji bila kuivua, unabana ukingo wa juu kwa kiganja, unainua uso kidogo, unapuliza kwa pua kwa nguvu, maji yanatokea chini. Ukijua hilo moja tu unapumzika, huna haja ya kurudi kwenye chombo kila dakika tano. Na ukungu kwenye kioo, tema mate ndani, pakaza, suuza mara moja, vaa, huo ni ufundi wa wazamiaji wote na unafanya kazi.

Kuna sehemu tulipita matumbawe yalikua meupe kama chokaa, eneo la ukubwa wa chumba, na watu wakawa wanasifia kwamba ni mazuri. Yule mwelekezi tulipopanda akatueleza, na alieleza kwa uchungu, kwamba ile sio rangi yake. Tumbawe ni mnyama, ndani yake anaishi mwani mdogo mdogo anaempa chakula na rangi, maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa anautoa ule mwani, anabaki mweupe na njaa. Joto likishuka mapema anaweza kupona, lisiposhuka anakufa. Wataalamu walitangaza Aprili 2024 kwamba dunia imo kwenye wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe, bahari zote kubwa. Nilikua nimesoma habari hizo juu juu, ila kuelea juu ya lile eneo jeupe na usikie kimya, hakuna krach krach, ni kitu kingine.

Na hapo ndo habari ya mgongo wangu inapoingia. Asubuhi walitwambia tuvae shati la kuogelea la mikono mirefu badala ya kujipaka krimu ya jua nyingi, kwa sababu baadhi ya krimu zina kemikali zinazohofiwa kudhuru matumbawe, Hawaii wamepiga marufuku kuuza krimu zenye oksibenzoni na oktinokseti tangu 2021 na Palau nao wana sheria yao. Nikaona joto, nikakataa shati. Sa ukiwa unasnokeli mgongo ndo unaangalia jua muda wote na maji yanakupoza huhisi kitu, unakuja kuhisi usiku. Chukueni shati, tafadhali.

Visiwani sitakaa sana. Kimoja ni fungu la mchanga tu linalotokeza maji yakipwa, tulitembea miguu peku tukakuta kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, kwenye dimbwi na mwelekezi akatukataza kumtoa majini kwa ajili ya selfi, kingine kina miti na mnara wa taa wa zamani na ndege wanatagia upande mmoja ambao hauruhusiwi kukanyagwa. Pazuri, pametulia. Tulipewa dakika arobaini na tano ikageuka saa moja na nusu kwa sababu ya chakula na mziki, na mziki ulikua juu mno kwa sehemu ambayo umeenda kusikia bahari.

Ule muda uliopotea ndo uliotuharibia kituo cha pili. Kwenye tangazo waliandika vituo viwili, kila kimoja saa moja. Cha pili tulifika jua limeshainama, tukapewa dakika ishirini na tano, na maji yalikua yanatoka kwa kasi, mkondo unakusukuma mpaka unapiga mapezi, vile viatu vipana vya kuogelea, na huendi popote. Watu waliochoka wakaanza kusimama juu ya matumbawe kupumzika, nilimwona mama mmoja na mumewe wamesimama kabisa, na sio ubaya wao, hakuna aliewaambia wakati ule, manake waelekezi walikua wawili tu kwa watu wote wale na mmoja alikua anamrudisha mtu aliesukumwa mbali. Hilo linahusu usalama wa watu pamoja na matumbawe. Watu thelathini mkondo ukiwa mkali wanataka waelekezi wanne, au wagawe watu waingie kwa zamu. Vifaa pia, mapezi mawili niliyopewa hayakua saizi moja na mkanda mmoja umechanika.

Kwa hiyo nawapa nyota nne, na ile ya nne ni ya yule kijana peke yake. Wewe ukitaka kubuku popote pale, achana na picha za chombo, waulize waelekezi wanaoingia majini ni wangapi kwa watu wangapi, dakika za majini ni ngapi bila kuhesabu kuvaa na kuvua, maji yatakua yanajaa au yanapwa mkifika, na kama wanafunga kwenye boya au wanatupa nanga. Wakikujibu kwa haraka na kwa uhakika, nenda nao. Nimewaandikia haya yote na wamejibu kwa heshima, wakasema habari ya zamu watalifanyia kazi.

Kurudi walizima injini wakaacha tanga peke yake, mziki wakauzima pia, unasikia maji tu yanapita pande zote mbili. Dada alikua kwenye wavu amelala kifudifudi anatazama chini kupitia matundu, akainuka ghafla akaniita kwa jina langu la utotoni, akapiga kelele kasa, kasa, nikawahi nikaona kichwa tu kimetoka kuvuta pumzi na kuzama tena. Akakaa muda mrefu anaangalia pale pale. Alafu akaniuliza masomo ya kuogelea ya watu wazima yanachukua miezi mingapi.